Dhoruba imenikuta mji nisioujua. Nilikosea wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimehamia mji mwingine kwa ajili ya kazi na hii ni wiki yangu ya tatu. Jumanne nilitoka kazini saa 11 jioni, joto kali, jua bado lipo, sikubeba hata mwavuli. Mara upepo, giza, mvua. Nilijikinga chini ya mti mkubwa karibu na kituo cha basi, tulikuwa watu kama saba. Radi zilipozidi nikakimbilia kivuko cha chini ya barabara, lakini haikupita muda maji yakaanza kuingia, yakanifika magotini. Nikatoka, nikaamua kutembea hadi nyumbani. Nilitumia saa mbili, taa za mtaani zimezimika, nikawa najishikilia nguzo na uzio wa watu nisianguke. Ramani ya simu ilinipitisha njia ya mkato iliyokuwa mbaya kuliko zote. Nilifika salama, ila simu iliingia maji (nimeizika kwenye mchele), na tangu siku hiyo nikiona wingu moyo unanienda mbio. Wenzangu kazini wananicheka, eti mvua kitu gani. Nilikosea wapi, na ikinikuta tena nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo la kuchekwa tulimalize kwanza. Wenzako wakisema "mvua kitu gani" hawasemi uongo. Kwao ni kweli. Mvua ileile iliyokutembeza saa mbili, wao waliikwepa kwa kukata kona moja mapema, bila hata kujua kwamba wamekwepa kitu. Mwenyeji anajua maji yanakokwenda. Mgeni anajua anakokwenda yeye tu.

Nimesoma barua yako mara tatu huku naichora safari yako kwenye karatasi, na kilichonishika ni hiki: kila ulipokimbia hatari moja uliangukia nyingine. Ulikimbia kulowa ukaenda chini ya mti, ambako radi hupenda kushukia. Ukaikimbia radi ukashuka chini ya barabara, ambako maji hujaa kabla ya kwingine kote. Ukayakimbia maji ukashika nguzo, ambayo huenda ilikuwa na umeme. Yote hayo tunayaita "mvua", ndiyo maana tunadhani kimbilio lake ni moja. Ni hatari tatu tofauti, na kinga ya moja mara nyingi ndiyo mtego wa nyingine.

Tuanze na ule mti. Radi hupasha hewa inamopita hadi karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, kama mara tano ya joto la uso wa jua. Ikipiga mti, majimaji yaliyomo hugeuka mvuke papo hapo na gome hupasuka likaruka vipande. Lakini wengi wanaoumia chini ya miti hawapigwi na radi yenyewe. Wanaupata umeme unaoruka kutoka kwenye shina kumfuata aliyesimama karibu, au ule unaosambaa ardhini, ukapandia mguu mmoja na kutokea mwingine. Ndiyo maana husikika ng'ombe kadhaa wamekufa pamoja chini ya mti mmoja kwa pigo moja. Mlikuwa saba pale. Wingi wenu haukuwa kinga.

Mwanga wa radi hukufikia papo hapo, ila ngurumo hutembea kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kila sekunde tatu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Ukipata sekunde 30 au pungufu, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na tayari inaweza kukufikia. Mimi siku hizi hata sihesabu. Nikisikia ngurumo tu, naingia ndani, hata kama juu yangu anga ni jeupe, kwa sababu radi inaweza kupiga kilomita 10 au 15 kutoka mvua inakonyesha. Zipo zinazotambaa mbali zaidi ya hapo: Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha radi moja ya Oktoba 2017 huko Marekani iliyoenea kilomita 829 mawinguni. Kwa sababu hiyohiyo usitoke mvua inapopungua. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho uliyoisikia, na ikilia nyingine, anza kuhesabu upya.

Nikisema ndani nina maana ya jengo la kudumu lenye nyaya za umeme na mabomba ukutani, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoipeleka radi ardhini. Kwa hiyo ukiwa humo kaa mbali na bomba la maji na chochote kilichochomekwa ukutani. Simu ya mkononi isiyo kwenye chaji haina neno. Banda la kituo cha basi, hema, kibanda cha mlinzi, hivyo vinakukinga usilowe, basi. Gari la bodi ya chuma lililofungwa vioo linafaa, na si kwa sababu ya matairi kama watu wanavyoapa. Radi imeshavuka kilomita kadhaa za hewa. Sentimita chache za mpira zitaizuia nini? Kinachokuokoa ni bodi, inayoupitisha umeme kwa nje. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836: alijenga chumba akakifunika karatasi ya chuma, akakipiga cheche kali kutoka nje, na vipimo vya ndani havikutikisika. Pikipiki na gari la turubai havimo kwenye hesabu hiyo. Na ukikutana na ule ushauri wa zamani wa kuchutama uwanjani umeshika magoti, ujue hauna usalama wa maana. Tumia nguvu hiyohiyo kukimbilia jengo.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo niliposhika kichwa nikisoma barua yako.

Mvua ya milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tuseme zimenyesha milimita 50 kwa saa moja, kiasi ambacho dhoruba kali hukifikisha bila shida. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 utakuwa umepokea lita 357,000. Uwanja wenyewe ukiwa wa nyasi, sehemu kubwa itazama ardhini taratibu. Mjini mambo ni mengine: mapaa, lami na zege havinywi kitu, vyote humwaga kwa pamoja, na mtaro uliopimwa kubeba kiasi fulani unaletewa mara mbili yake pamoja na chupa na mifuko ya plastiki ya wiki nzima. Maji hufuata mkondo, wazee walisema, na miji mingi imejengwa juu ya mikondo. Palikuwa na kijito, kikaingizwa kwenye bomba, juu ikapita barabara, watu wakasahau. Maji hayakusahau. Bomba likijaa, barabara inarudia kazi yake ya zamani.

Ndipo ilipokuangusha ramani ya simu. Inapima umbali na dakika. Haijui kwamba ile njia ya mkato ni mkato kwa sababu inapita bondeni, na wenye kujua waliiachia maji zamani. Nami iliwahi kunifanyia hivyohivyo, kwenye mji niliokuwa nimefika asubuhi ileile. Nilifuata ule mstari wa bluu kichwa chini mpaka nikasikia kitu kinagonga mbele yangu. Kilikuwa kifuniko cha chemba ya barabarani. Kinainuka upana wa kidole, kinatoa pumzi kama sufuria inayochemka, kinarudi chini kwa mlio wa chuma, kinainuka tena. Nikasimama kukishangaa. Dakika haikuisha kikaruka pembeni, maji yakabubujika kwa nguvu, kisha yakatulia. Hapo ndipo niliposisimka mwili, kwa sababu yalipotulia shimo halikuonekana tena. Maji yalilala tambarare, rangi moja ya tope kutoka ukuta huu hadi ule. Aliyekuja nyuma yangu angekanyaga mahali pale kwa raha zake.

Na watu hukanyaga. Usiku wa Agosti 8, 2022, mjini Seoul, mvua ilizidi milimita 140 kwa saa moja kwenye baadhi ya maeneo, na ndugu wawili walitumbukia kwenye chemba ambayo kifuniko chake kilikuwa kimeng'olewa na maji. Hawakutoka. Baadaye mji ule ulianza kufunga wavu chini ya vifuniko. Kwingi hakuna wavu.

Kivuko chako cha chini ya barabara ni bakuli. Hakuna namna ya kukieleza kwa heshima zaidi. Mara nyingi hukaushwa kwa pampu, pampu hutumia umeme, na umeme ndio wa kwanza kukatika dhoruba ikianza. Ulifanya jambo moja la busara kubwa siku ile nalo hukulitaja kama busara: ulitoka. Wengi hubaki wakisema yatapungua. Mjini Zhengzhou, China, Julai 20, 2021, zilinyesha milimita 201.9 ndani ya saa moja. Treni ya chini ya ardhi ikakwama njiani maji yakipanda ndani ya mabehewa, na watu 14 wakafa. Siku hiyohiyo, mjini humohumo, maji yalijaa handaki la magari.

Utajiuliza kwa nini mtu asifungue tu mlango akatoka. Fanya hesabu nami. Mlango wa upana wa sentimita 80, nyuma yake maji yamesimama nusu mita. Msukumo unaoubana ni kama kuegemewa na mzigo wa kilo 100. Yakifika sentimita 70 unakaribia kilo 200. Huo ndio muda ulio nao kwenye chumba cha chini ya ardhi: tangu unapoona maji yanateremka ngazi mpaka mlango unapokataa. Zinaweza kuwa dakika chache. New York ilipopata milimita 80 kwa saa moja usiku wa Septemba 1, 2021, watu 13 walikufa mjini humo na 11 kati yao walikuwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Mwaka uliofuata, mjini Pohang, Korea Kusini, watu saba walifia kwenye maegesho ya chini ya jengo la makazi baada ya kushuka kuhamisha magari. Kwa hiyo ukisikia jirani anasema "ngoja nikatoe gari", mshike shati. Na usipande lifti. Maji hupenda shimo la lifti, na lifti umeme ukikatika husimama nawe ndani.

Kuhusu maji yanayotembea, watu hutazama kina wakasahau mwendo. Sentimita 15 zinazokwenda kasi, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulichukua gari dogo, na 60 huchukua karibu magari yote, pamoja na yale marefu yanayotamba. Ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini gari halikuundwa lielee! Chukua gari la urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6. Maji yakipanda sentimita 20 juu ya sakafu yake, kabla hayajaingia ndani, yanalinyanyua kwa nguvu ya karibu kilo 1,280. Gari lenyewe lina kilo 1,200. Matairi yameshaachana na barabara, usukani ni pambo. Kwa hiyo siku utakapokuwa abiria na dereva akasema "hapa napajua", mwambie ageuze. Akikataa, shuka kabla hajaingia. Unamkosea adabu, atakusamehe kesho. Gari likizimika ndani ya maji yanayopanda, usingoje lisaidiwe: fungua mkanda, shusha kioo mapema kabla umeme wa gari haujafa, toka.

Kuna kosa jingine ambalo wewe hukulifanya ila nalikuta sana: mtu anatazama juu, mvua imekatika, anatoka. Maji ya mafuriko hayatoki wingu la juu yako peke yake. Yanakusanyika kutoka mitaa ya juu na vilima vya nyuma, na mengine hufika mvua ikiwa imeshasahaulika. Oktoba 29, 2024, kitongoji cha Paiporta kando ya Valencia, Hispania, kilizolewa na maji ya bonde la Poyo ilhali kwenye kitongoji chenyewe mvua ilikuwa kidogo sana. Ujumbe wa tahadhari uliingia kwenye simu za watu saa 2 na dakika 11 usiku, wengi wakiwa wameshazungukwa na maji. Washa tahadhari za simu, ndiyo, lakini usiziachie jukumu lote. Macho yako yako karibu zaidi.

La tatu ni umeme wa nyaya, na hili nitalisema kwa ufupi ingawa ndilo lililonikosesha usingizi: usishike nguzo. Usishike uzio wa chuma, taa ya barabarani, bango lenye taa, mlango wa bati, maadamu umesimama majini. Waya mmoja uliochubuka ndani ya nguzo unatosha. Taa kuzimika hakukuhakikishii kwamba umeme umekatwa. Huenda imeungua taa tu, au umeme utarudishwa wewe ukiwa umeishika. Waya ulioanguka uache umbali wa mita 10 na zaidi, na kama umelala majini hata mita 10 hazitoshi. Ukihisi miguu inawasha au kuchonyota majini, rudi ulikotoka kwa hatua ndogondogo za kuburuza, bila kuinua mguu juu.

Upepo sina mengi ya kusema. Nguvu yake hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Kati ya maghorofa hubanwa ukakaza, hasa kwenye pembe za majengo. Jiweke mbali na mabango, mabati na vioo. Mwavuli ufunge, katika upepo wa dhoruba unakuziba macho tu.

Basi ungefanyaje? Rudi saa 11 ile, mlangoni kwa ofisi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mgeni katikati ya majengo marefu haoni mawingu. Anaona kipande cha anga juu ya barabara. Anachoweza kukihisi ni upepo. Wingu la radi hupanda kilomita 12 na zaidi kwa kuvuta hewa ya joto, na mvua inapoanza kuanguka ndani yake, hewa baridi huporomoka nayo na kutandaa mbele kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Ule upepo wa baridi unaokupiga ghafla baada ya mchana wa joto, wenye harufu ya udongo uliolowa, ndio huo. Umebakiza dakika, si nusu saa. Tazama na watu. Wachuuzi wanaokunja turubai kwa haraka wanaujua mji kuliko simu yako.

Dakika hizo ndizo za kuchagua jengo, ukiwa bado mkavu na mwenye akili zako. Lango lolote la umma lenye ngazi: benki, maktaba, hospitali, soko la ghorofa, nyumba ya ibada. Ingia, kisha panda ghorofa moja. Kupanda huko ndiko kunakojibu hatari zote tatu: radi imezuiwa na jengo, maji yako chini yako, nyaya za mtaani ziko nje. Ukichelewa, ukifika umelowa chepechepe na mlinzi ananuna, omba kwa upole, wengi hawafukuzi. Kisha kaa. Wingu moja la radi kwa kawaida huishi kati ya nusu saa na saa moja. Ikiwa mawingu yanafuatana kwenye njia moja kama mabehewa, itanyesha kwa mafungu, na ndiyo hiyo inayofurisha miji. Tuma ujumbe mfupi nyumbani kuliko kupiga simu, maana ujumbe hupenya mtandao ukiwa umeelemewa na unakula chaji kidogo. Andika uko wapi, ghorofa ya ngapi, na kwamba hutoki mpaka maji yapungue. Kikubwa hapa ni kuikubali hasara ya jioni. Watu hawaingii majini kwa kutojua. Wengi huingia kwa sababu wana miadi, au wamechoka, au nyumbani kumebaki hatua mia tatu.

Kama huna budi kutembea majini, kwa mfano jengo lenyewe limeanza kuingiliwa, fanya hivyo kabla ya giza, na viatu vya kufunga miguuni, kamwe si peku. Tafuta fimbo, mpini wa ufagio, chochote, ugonge mbele kabla ya kila hatua. Tembea upande wa kuta, maana mitaro na chemba nyingi ziko ukingoni mwa lami. Ukiona maji yanazunguka kama kwenye tundu la sinki, hapo pana mdomo. Wawili washikane mikono. Yakivuka goti, au yakianza kukusukuma hata chini ya goti, rudi.

Ukifika, vua nguo zilizolowa mara moja; maji huiba joto la mwili upesi kuliko hewa, na mtu hutetemeka hata kwenye nchi ya joto. Oga kwa sabuni, safisha kila mchubuko. Maji ya mafuriko ni maji ya vyoo na mikojo ya panya yaliyosafiri. Wewe tayari umepita humo, kwa hiyo sikiliza: ukipata homa, kichwa kuuma au misuli ya mashavu ya miguu kuuma ndani ya mwezi huu, nenda hospitali na umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ulitembea kwenye maji ya mafuriko. Homa ya mgunda, ile inayoletwa na mikojo ya panya, huonekana kati ya siku 2 na 30 baada ya kuambukizwa na inafanana na homa nyingine yoyote, asipoambiwa, hataifikiria.

Kuhusu moyo kwenda mbio ukiona wingu, sitakuambia usiogope. Nitakupa kazi. Siku ya mapumziko, pakiwa pakavu, tembea kutoka kazini hadi nyumbani ukiwa huna haraka, ukitazama chini ya kiuno. Tazama kuta: utaona mstari mwembamba wa tope lililokauka, umenyooka kama umepigwa kwa rula, pengine kimo cha goti lako. Huo ni urefu wa maji ya safari iliyopita. Tazama vizingiti: mtaa ambao kila duka lina ngazi tatu za kupandia, au mlango una tofali moja limejengwa mbele yake, umekwisha kukusimulia historia yake. Tazama mchanga mlaini umejikusanya kona gani. Mwage maji ya chupa yako barabarani uone yanateremkia wapi. Watakushangaa, mgeni ni kuku mweupe hata hivyo. Kisha muulize mtu mmoja aliyekaa hapo miaka: "Mvua kubwa ikinyesha, hapa maji hupita wapi?" Watu hulijibu swali hilo kwa furaha ya ajabu, na kwa vidole. Chora njia yako mpya hata kama inazidi dakika kumi, na uweke alama kwenye majengo matatu yenye ngazi njiani.

Ile simu itoe kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani, na vumbi lake huziba tundu la chaji. Kama bado haijakauka, izime, ikung'ute taratibu tundu likiangalia chini, iache siku moja au mbili kwenye upepo wa feni, wala usiichomeke kabla ya hapo. Ikiwaka, kabla ya jambo jingine lolote pakua ramani ya mji mzima uwe nayo bila intaneti, kisha uifute kichwani njia ya mkato.